Hoteli na kumbi zilizopona corona zilipona kwa sababu hazikuwa na mkopo, mengine yote ni porojo

#1 Mhasibu Mstaafu
Wakuu salaam. Naleta hoja, mniparue mkitaka.

Kila watu wakiongelea mahoteli yalivyopambana na corona nasikia sanitaiza, ndoo za maji tiririka, menyu ya kuskani kwa simu, bei za wazawa, harusi za mtandaoni. Mimi kipindi kile nilikuwa kwenye vitabu vya hesabu vya hoteli moja mjini Dar na nawaambia hayo yote ni mapambo. Aliyepona alipona kwa sababu jengo ni lake na benki haimdai. Aliyezama alizama kwa sababu 2018 aliongeza ghorofa kwa mkopo wa dola akihesabia msimu wa Julai 2020.

Angalieni namba. Watalii walioingia Tanzania 2019 ni 1,527,230. Mwaka 2020 wakawa 620,867, na hapo Januari mpaka katikati ya Machi ilikuwa biashara ya kawaida kabisa, kwa hiyo ukiitoa hiyo miezi kilichobaki ni vumbi. Hakuna menyu ya kuskani inayoziba shimo hilo. Benki Kuu (BoT) Mei 2020 walishusha riba wanayokopeshea mabenki kutoka asilimia 7 mpaka 5, na mabenki yakapewa nafasi ya kupanga upya mikopo ya wateja, sawa, ila kupangiwa upya sio kusamehewa, riba inatembea wewe umelala.

Anayebisha aje na mfano, asije na semina.

#2 kijana_wa_bando
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu, endeleeni

#3 Bi Nungwi
Mie nabisha. Hoteli niliyokuwa mimi haina deni hata la maji, mwenyewe mzee wa Kitaliana kajenga pole pole chumba baada ya chumba miaka na miaka. Na ilikufa.

Ikufe vipi haina deni? Nakwambia. Machi ndege zilipoanza kukatika akasema tufunge kabisa tupunguze gharama, wafanyakazi wote majumbani, akabakisha walinzi wawili na mtu wa bustani. Yeye akarudi kwao. Sasa hoteli ya pwani haifungwi kama duka, ufunge kufuli uende zako. Chumba cha pwani kisipowashwa eyasii (kiyoyozi) wala kufunguliwa madirisha, mwezi mmoja tu magodoro yananuka uvundo, mapazia yana madoa meusi, mbao za milango zimevimba hazifungi. Chumvi inakula kila chuma, bawaba, vitasa, pampu ya bwawa. Bwawa lenyewe likawa kijani vyura wakahamia. Makuti yakaanza kuvuja masika yale na hakuna wa kuyatia viraka. Maji yaliyolala kwenye mabomba yakitoka yana rangi ya chai. Mie ni hausikipingi najua ninachosema, siku tulipoitwa tuje kuangalia tulilia.

Jirani yetu alikuwa anadaiwa na benki kila mtu kijijini anajua. Lakini hakufunga, alibakisha watu wachache, leo wanalala vyumba vya upande huu kesho upande ule, wanawasha kila kitu kwa zamu, wanavua wanakula. Zanzibar ilipofungua tarehe 6 Juni yeye alikuwa na vyumba vinavyonukia. Sie tulikuwa na vyura. Unaambiwa deni?

#4 Mjuaji
Nyongeza ndogo kwa ajili ya kumbukumbu. Bara anga lilifunguliwa tarehe 18 Mei 2020, na lile sharti la kukaa karantini siku 14 likaondolewa. Zanzibar ndio 6 Juni. Watu huwa wanachanganya hizi tarehe mbili.

#5 kijana_wa_bando
Bi Nungwi vyura walilipa kwa dola au kwa shilingi?

#6 Likoni Feri
Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi ndugu zetu wa TZ mwazungumzia corona mkiwa hamkufungiwa. Huku kwetu serikali ilifunga Mombasa, Kilifi na Kwale tarehe 8 Aprili, huingii hutoki, na juu yake kafyu saa moja jioni. Nairobi nayo ishafungwa siku mbili kabla. Sasa hoteli ya Diani au Nyali bila Mnairobi na bila Mzungu yabaki na nani, nyani wa pale nje?

Kilichofufua huku si deni wala si kuwasha eyasii, ni treni. Walifungua njia 7 Julai, SGR ikarudi 13 Julai, na wiki ileile simu zikaanza kulia. Tena wateja wenyewe ni wengine kabisa. Zamani Mkenya alikuwa mteja wa Disemba na Pasaka tu, katikati ya mwaka hoteli hata haimtazami usoni. 2020 wakaanza kumbembeleza. Lipa kidogo kidogo kwa M-Pesa mpaka siku ya safari, watoto bure, chakula ukitaka ulipe usipotaka upike mwenyewe, wengine wakaja na laptop kukaa mwezi mzima kwa sababu ofisi za Nairobi zishasema fanyeni kazi nyumbani na nyumbani hawakusema ni wapi. Hapo ndipo nyumba za kukodi za Diani zikawapiga hoteli kubwa, mtu ataka jikoni yake na intaneti, hataki bafe.

#7 Mhasibu Mstaafu
Bi Nungwi pole sana kwa vyura. Lakini umenisaidia hoja bila kujua. Jirani yako alikuwa hafungi KWA SABABU anadaiwa, mzee wako alifunga kwa sababu hana presha ya mtu. Kwa hiyo deni bado ndio linaongea.

#8 Bi Nungwi
Ah wewe! Mwanzo ulisema mwenye deni ndo anakufa, sasa deni ndo linamponya. Chagua moja yakhe.

#9 MC wa Kata
😂😂😂 Mhasibu kapigwa hesabu na hausikipingi

#10 Porini Daima
Mimi ni gaidi Arusha (dereva wa watalii, isije ikaleta maneno). Hii ya bei za wazawa naomba tuiweke sawa maana watu wanaisifia sana. Mzawa kuingia Serengeti kipindi hicho ilikuwa 11,800 na VAT ndani yake, na bei hiyo haikuletwa na corona, ilikuwepo. Kilichobadilika 2020 ni kwamba loji ambazo zamani mzawa akipiga simu anaambiwa bei kwa dola zikatoa matangazo ya shilingi mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo. Watu wakaja, kweli. Wakaja na kosta, wamebeba pilau kwenye hotpoti, maji, soda na spika. Wanaingia asubuhi wanatoka jioni. Hifadhi ilipata kiingilio, loji ikapata picha za kupiga getini kwake.

Wanaolala walikuwepo lakini wachache na ni usiku mmoja. Loji ya porini jenereta inakunywa dizeli ileile uwe na wageni wanne au sitini. Kwa hiyo sikubali kwamba wazawa waliokoa mahoteli ya kaskazini. Labda huko pwani anakosema Likoni.

Na wapagazi wa Kilimanjaro ndio hakuna aliyewakumbuka, kule hakuna cha mzawa cha kujazia pengo, Mchagga hapandi mlima anautazama tu.

#11 kijana_wa_bando
Mchagga hapandi kwa sababu juu hakuna duka

#12 Posho Kwanza
Naona wote mnaongelea watalii. Hoteli za mijini, Dodoma, Moro, Dar katikati, Arusha pale karibu na AICC (kile kituo cha mikutano ya kimataifa), hazikuwahi kuishi kwa watalii. Zinaishi kwa SEMINA. Warsha ya siku tano, washiriki arobaini, chai mbili, chakula cha mchana, ukumbi, projekta, na vyumba kwa waliotoka mikoani. Hiyo ndiyo ilikuwa mshahara wa wafanyakazi wa hoteli na hiyo ndiyo iliuawa na Zoom.

Nilikuwa kwenye mradi fulani wa wafadhili. Machi wakasema hakuna kukusanyika, wiki mbili baadae tukaletewa linki. Posho ya kujikimu ikafutwa, badala yake mshiriki anatumiwa hela ya bando. BANDO WAKUU. Mtu alikuwa anajengea msingi wa nyumba kwa semina leo unamtumia ya bando. Matokeo yake unaona majina thelathini na tisa kwenye skrini, kamera zimezimwa zote, mwezeshaji anauliza "tuko pamoja?" kimyaaa, mtu yuko shamba anapalilia.

Hoteli moja tuliyokuwa tunaitumia ikaja na ubunifu, ikafunga kamera na skrini kubwa ukumbini, wakasema leteni washiriki kumi hapa wakae mbalimbali na wengine waungane kwa mtandao. Ni wazo zuri ila bei ya ukumbi ilibaki ileile na chai ni ya watu kumi. Wafadhili wakapenda, mwenye hoteli akalia.

#13 Pilau Sahani
Mimi ni mpishi wa shughuli, Tabata. Asante Posho kwa kuikumbuka chai mbili, ile chai ya saa nne ndiyo ina faida kuliko hata chakula cha mchana, andazi na sambusa mbili unaliandikia bei ya mchemsho 😅

Niseme jambo moja ambalo naona mmeliruka, BAFE. Kabla ya corona mteja anataka meza ndefu kila mtu ajipakulie, na kila mpishi anajua mahesabu yake, watu mia tatu unapika wa mia tatu hamsini maana wa mwanzo kwenye foleni wanajaza mlima na wa mwisho wanakuta mchuzi. Corona ilipokuja tukaambiwa watu wasishike mwiko mmoja, kwa hiyo tukaweka wapakuaji nyuma ya meza na glavu na barakoa. Aisee. Nyama ikaanza kubaki! Mpakuaji anakupa vipande viwili na tabasamu, tabasamu lenyewe halionekani lakini lipo. Nilipunguza manunuzi ya nyama na kuku kwa kiasi ambacho sitakiandika hapa maana wateja wangu wanasoma.

Mpaka leo sijarudisha kujipakulia labda mteja alazimishe. Kwa hiyo mimi nilivyopona sio deni (nilikuwa na la vikoba), nilipona kwa mwiko.

#14 MC wa Kata
Kumbe ndio maana siku hizi harusini tunapewa kidari cha kuku kimoja na wali wa kupimwa kama dawa. Uzi huu umenifumbua macho.

#15 fundi_turubai
Mi nakodisha mahema viti na muziki Mbagala. Machi serikali ilivyokataza mikusanyiko nilirudishwa chini siku moja, kila mtu anapiga anasema kaka naomba advansi yangu, na advansi ishakuwa viti vipya. Nikaja na sera yangu, HATUFUTI TUNASOGEZA. Tarehe utakayopanga hema lako lipo, hela hairudi. Wengine walinitukana wengine wakakubali. Baadae naona mahoteli makubwa nayo yanatangaza hivyohivyo kwa Kiingereza kizuri kwamba sogeza tarehe bila faini nikasema kumbe hata mi ni mbobezi.

Lakini kilichonitoa hasa ni kampeni. Uchaguzi ulikuwa 28 Oktoba 2020, kuanzia Agosti nchi nzima ilikuwa mikutano, majukwaa, spika, turubai za wazee wakae kivulini. Sikulala. Kwa hiyo wanaosema sekta ya matukio Tanzania ilijifunza kuishi na corona kwa kubuni mambo ya mtandaoni hapana, sisi tulisimama kipindi kifupi then tukarudi kazini kabla ya dunia nzima. Ligi yenyewe ilirudi Juni na watu uwanjani.

#16 Likoni Feri
Fundi umesema kweli na hapo ndipo tofauti yetu ilipo. Huku Kenya harusi iliwekewa watu kumi na tano, bwana harusi, bibi harusi, wasimamizi, mashahidi, padri ama sheikh, basi ushafika. Kumbi zikala hasara. Baadae Julai wakapandisha hadi mia.

Na mabaa... migahawa ilifunguliwa tena mwisho wa Aprili lakini baa la. Basi kila baa ikageuka mgahawa. Waagiza soseji mbili zakaa mezani mpaka zapoa, wewe wateremsha chupa. Mpaka waziri wa afya mwenyewe akazitaja zile soseji mbili kwenye taarifa yake kwa taifa, na Julai 27 Rais akapiga marufuku pombe kwa mikahawa siku thelathini. Soseji maskini hazikuwa na kosa.

Halafu kafyu ilivyoendelea watu wakabuni kufungiwa ndani, mlango wafungwa kabla ya saa ya kafyu na hakuna kutoka hadi alfajiri. Club yafanya kazi usiku kucha taa za nje zimezimwa. Nayo si ubunifu wa biashara?

#17 Mjuaji
Huo ni ubunifu wa kueneza ugonjwa mkuu, tusiupambe. Kafyu Kenya iliondolewa 20 Oktoba 2021, siku ya Mashujaa, kwa hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Msilinganishe na Tanzania hata kidogo.

#18 Mhasibu Mstaafu
Likoni, Kenya ilishusha na VAT kutoka 16 mpaka 14 Aprili 2020, ikarudi 16 Januari 2021. Iliwasaidia nini? Mtu hana mauzo unampunguzia kodi ya mauzo. Ni kama kumpunguzia nauli mtu ambaye hasafiri. Narudi palepale, gharama za kudumu ndio zinaua: riba, mishahara, umeme, leseni. Nairobi mnajua wenyewe InterContinental ilifungwa 2020 haikurudi, Hilton nayo ikafunga Disemba 2022. Hizo zilikosa menyu ya kuskani?

#19 Likoni Feri
Hilton ile hadithi yake ni ndefu, mji wa katikati Nairobi ulikuwa ushaanza kuhamwa kabla, watu waenda Westlands na Upper Hill. Corona ilisukuma mlango ambao ushafunguka.

#20 Zamu ya Usiku Deira
Habari wadau, nipo Dubai kwenye hoteli tangu kabla ya corona. Niwape ya huku.

Machi 2020 ndege za abiria zilisimama. Ndani ya wiki mbili hoteli za mtaa wetu ziligawanyika mafungu, zingine zikafunga, zingine zikachukua watu wa karantini, zingine zikauza chumba kama ofisi, yaani unaingia asubuhi unafanya kazi humo na intaneti na kahawa unatoka jioni. Sisi tulikuwa karantini. Chakula unaweka mlangoni unagonga unakimbia, shuka zinaenda kufuliwa peke yake kwenye mifuko maalum, mgeni akitoka chumba kinakaa wazi kwanza ndio kinasafishwa. Kazi ilikuwa ipo lakini ya woga.

Wenzetu wengi wa Kenya, Uganda na Bongo walipewa likizo bila malipo wakabaki kwenye vyumba vya kampuni wanakula cha kampuni hawana cha kutuma nyumbani. Watalii waliruhusiwa tena 7 Julai 2020.

Na Expo, yale maonyesho ya dunia, si mnaikumbuka, ilikuwa Oktoba 2020 ikasogezwa mpaka 1 Oktoba 2021 mpaka mwisho wa Machi 2022, ila jina wakaacha Expo 2020 vilevile, kila fulana na kikombe kilikuwa kishachapwa. Wakasema ziara milioni 24. Hiyo ndio ilirudisha ajira huku. Kwa hiyo fundi_turubai sera yako ya hatufuti tunasogeza hata masheikh waliitumia.

#21 fundi_turubai
Watanilipa lini haki miliki yangu

#22 Dada wa Mapokezi
Nimesoma post zote kimya ila jamani. Mnaulizana hoteli ipi ilipona. Hoteli ni jengo. Sisi ndio hatukupona.

Nilikuwa mapokezi hoteli moja ya ufukweni (sitaji). Tuliambiwa nusu mshahara miezi mitatu, ikaja robo, ikaja "tutawaita". Sevisi chaji ambayo kwa wengi wetu ndio mshahara wenyewe ikawa sifuri maana haina mgeni wa kuitoa. Biashara iliporudi tuliitwa wachache na kila mmoja anafanya kazi za watu watatu: mimi napokea wageni, nabeba mizigo, asubuhi nipo kwenye kifungua kinywa namimina juisi. Wakaita ujuzi mseto. Chumba hakisafishwi kila siku tena, mpaka mgeni aombe, walisema ni kwa ajili ya corona kupunguza kugusana. Corona imeisha chumba bado hakisafishwi kila siku na wale dada wa hausikipingi hawakurudi. Menyu ya kuskani nayo vilevile, mhudumu mmoja anazungukia meza zote kwa sababu hahitaji kuleta menyu.

Kwa hiyo ile "kujifunza kuishi na corona" kwa macho yangu ilikuwa kupunguza watu kwa kisingizio kizuri. Mhasibu wewe ulikuwa kwenye vitabu, kataa.

#23 Mhasibu Mstaafu
Sikatai dada. Ila bila kupunguza watu hoteli nyingi zisingefungua kabisa. Mshahara ulikuwa mstari mkubwa kuliko yote ukiondoa riba.

#24 Dada wa Mapokezi
Ukiondoa riba! Riba haikupunguzwa, watu walipunguzwa. Asante kwa jibu.

#25 kijana_wa_bando
Karanga zimeisha naomba mtu aniletee zingine

#26 Bi Nungwi
Pole mwanangu, umesema kweli tupu. Miye nilirudi kwa yule jirani mwenye deni, na aliyetuokoa kusema haki ya Mungu ni Mrusi. Kuanzia mwisho wa 2020 zilikuwa zinatua ndege za kukodi moja kwa moja kutoka kwao, Warusi, Waukreni, kijiji kizima kikajua spasibo. Wauza vinyago wanasoma herufi zao! Mitaliana ilikuwa imefungiwa kwao, Mwingereza ndo kabisa.

Lakini mgeni mwingine hoteli nyingine. Mtaliana anakaa mezani masaa matatu anataka kaa na kamba, Mrusi anataka kila kitu kiwe ndani ya bei, chakula pombe mpaka kofia. Hoteli ndogo zilizokuwa zinauza kitanda na chai tu ikabidi zigeuke ziuze kila kitu pamoja, jikoni tukafanya kazi kama punda. Na wakipita wakala wa kule anabana bei mpaka mfupa.

#27 Mjuaji
Na sababu ya kuja ni kwamba Tanzania ilikuwa haidai kipimo wala karantini wakati nchi nyingi zimefunga. Raha hiyo ilikatika: Uingereza ilizuia wasafiri kutoka Tanzania Januari 2021, halafu Urusi yenyewe ikasimamisha ndege za Tanzania na Uturuki kuanzia 15 Aprili 2021. Mei 2021 ndio ukaja utaratibu wa cheti cha PCR (kipimo cha corona cha maabara) cha saa 72 na kipimo cha haraka uwanjani kwa dola 25. Chanjo ikazinduliwa Julai 28.

Kwa mwaka mzima 2020 Zanzibar ilipata wageni 260,644 kutoka 538,264 wa 2019. Bara na visiwani kwa pamoja tulipoteza zaidi ya nusu, Kenya walitoka milioni mbili na ushee wakaenda chini ya laki sita. Kwa hiyo milango wazi ilisaidia, au Kenya waliumia kwa sababu nyingine? Mimi sina jibu ila tofauti ipo.

#28 Likoni Feri
Mlango wenu ulikuwa wazi kwa sababu mlikuwa hamhesabu wagonjwa. Takwimu zenu za mwisho mwaka 2020 ni wagonjwa 509 basi mkafunga daftari. Nasi tukihesabu kila siku kwa televisheni. Mtalii akisoma gazeti aenda wapi?

#29 Porini Daima
Alienda Zanzibar 🤷🏾‍♂️ ndio hoja yenyewe. Na mlivyotuacha nje ya orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuingia Agosti 2020 tukafungia Kenya Airways isitue, mpaka Septemba mkatulia. Wageni wangu wawili wa Maasai Mara na Serengeti walikwama hapo katikati wakaamua kubaki Serengeti. Ahsanteni majirani.

#30 MC wa Kata
Tumerudi kwenye Kenya na Tanzania, nilikuwa nashangaa uzi umefika mbali hivi bila hiyo

#31 Naivasha Kwetu
Wacha niwapee story ya event moja tu. Safari Rally, ile mashindano ya magari, ilikuwa irudi kwa ratiba ya dunia 2020, ikasongezwa, ikakuja Juni 2021, kafyu bado iko. Naivasha hakukuwa na chumba. Watu walikodisha sitting room zao, tenti kwa shamba, mwingine alilala kwa lori. Hoteli za lake zilikuwa zimekaa njaa mwaka mzima, wiki hiyo moja zikaitisha bei ya kufunika hasara yote na watu wakalipa. Corona haikuua hamu ya watu kukutana, iliiweka akiba tu. Mwenye alikuwa bado amesimama siku hiyo ndio alivuna, na hakuna mtu alijua siku hiyo itakuwa gani. Kwangu mimi ni bahati, si deni.

Lakini pia Machi mwaka huohuo, tarehe 26, Rais Uhuru alifunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru na Pasaka ilikuwa Aprili 4. Friji zimejaa nyama. Hiyo nayo ni bahati.

#32 Likoni Feri
Usinikumbushe Pasaka ile. Waliolipa kidogo kidogo wote wataka pesa zao siku moja.

#33 abiria_wa_mwisho
Hoteli nyingi za pwani zilikufa pia kwa sababu Thomas Cook, ile kampuni ya utalii ya Uingereza, ilifilisika kwa corona ikaondoka na madeni ya watu.

#34 Mjuaji
Thomas Cook ilianguka Septemba 2019. Corona haijasikika hata Wuhan.

#35 abiria_wa_mwisho
Bas niliwahi kidogo 😂

#36 Pilau Sahani
Jamani harusi ndogo ziliishia wapi? Maana 2020 kuna mteja alifanya ya watu hamsini nyumbani kwao Kimara, mapambo mazuri, chakula cha kueleweka, ndugu wa Marekani wanaangalia kwa YouTube, kila mtu akasema huu ndio utaratibu sasa. Mwaka uliofuata mdogo wake akafanya ya watu mia nne ukumbini, na kitchen party, na sendoff.

#37 MC wa Kata
Harusi ya watu hamsini nani amechangia? Kamati inataka kadi. Mtu ametoa laki na mkewe laki halafu umwambie aangalie YouTube? Atakushtaki. Kilichobaki kwenye corona ni kamera ya kurusha laivu tu, tena siku hizi imekuwa kifurushi cha kuongeza bei, misibani ndio inapendwa zaidi maana ndugu wa nje wanazika wakiwa kazini.

#38 Posho Kwanza
Na semina zimerudi, tena zimerudi kwa hasira. Washiriki walisema wenyewe kwenye tathmini kuwa "mtandao ulikuwa unasumbua". Wote. Hata waliokuwa na faiba.

#39 Mhasibu Mstaafu
Kwa hiyo mpaka sasa tuna: kuwasha eyasii, treni, mwiko, kampeni, Mrusi, bahati, na kufukuza watu. Na hakuna aliyenijibu kuhusu mkopo wa dola. 2023 watalii wamefika 1,808,205, wamezidi kabla ya corona, lakini nendeni mkaangalie nani anamiliki hizo hoteli sasa. Mabango yamebadilika. Nani aliuza na kwa nini?

#40 Bi Nungwi
Yule mzee wangu aliuza. Hakuwa na deni.

#41 Mhasibu Mstaafu
Aliuza kwa nani?

#42 Bi Nungwi
Kwa kampuni, mie sijui ya nani. Wamebomoa makuti wameweka bati la rangi. Na mnunuzi naskia kakopa benki.

#43 Dada wa Mapokezi
Wanaajiri?

#44 Bi Nungwi
Nitumie inbox mwanangu. Wanataka mtu wa mapokezi anayejua Kipolishi.